Wenye ndoo kwenye nyumba inayoungua

Kinyama chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele. Daktari hukinyofoa kwa koleo jembamba linalopita ndani ya mrija wa kamera, akakidondosha kwenye kichupa chenye maji ya kuhifadhia, nacho huzama taratibu kikiwa na rangi ya waridi iliyopauka. Kuanzia hapo sisi wa maabara tunashindana na saa. Tunachokitafuta humo ni RNA, na RNA haina subira: vimeng'enya vilivyo kwenye ngozi ya kidole vinatosha kuikatakata. Kwa hiyo glavu hubadilishwa kila mara, na barafu haikosekani mezani.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni hii. Karibu kila seli ya mwili inabeba jeni zilezile, takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, lakini hakuna seli inayozitumia zote kwa mpigo. Jeni inayotumika hunakiliwa kuwa RNA, iliyolala hainakiliwi. Ukizihesabu nakala, unajua jeni ipi iko kazini na inafanya kazi kwa nguvu kiasi gani. Chukua kinyama kutoka kwenye utumbo wa mtu mwenye ugonjwa wa Crohn, au mwenye vidonda sugu vya utumbo mpana, utakuta mamia ya jeni za kinga ya mwili zimeamka ambazo kwa mtu mzima wa afya zimetulia. Magonjwa haya mawili ndiyo makuu katika kundi la magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo. Kinga inakaa vitani miezi na miaka dhidi ya bakteria ambao kwa kawaida huishi nasi tumboni kwa amani, na uwanja wa vita ni ukuta wa utumbo wenyewe. Unavimba, unachubuka, unatoa damu. Kwa Crohn unaweza hata kuziba au kutoboka.

Mdogo wangu aliishi na Crohn miaka miwili kabla haijapewa jina. Alianza kuharisha akiwa na miaka 26, huko Tanga. Alitibiwa amiba mara tatu. Akatibiwa taifodi. Kisha akaambiwa ni TB ya tumbo, akameza vidonge miezi sita mkojo ukiwa na rangi ya chungwa, na kilo 11 zikamtoka. "Dada," aliniambia kwenye simu usiku mmoja, "nimechoka kutibiwa magonjwa ya watu wengine." Kamera ilipoingia hatimaye, vidonda vilionekana mwisho wa utumbo mwembamba, palepale TB ya tumbo inapopenda kukaa. Siwalaumu madaktari waliomwona. Walifuata njia ambayo kwa wagonjwa wengi wa kwetu ndiyo sahihi. Lakini tangu siku ile, makala za kisayansi zinazosema "tumegundua jeni zinazowaka katika utumbo wenye uvimbe" nazisoma nikiwa na uso wake mbele yangu, na swali langu limekuwa moja: kujua jeni zinazowaka kunatusaidia nini, na kunatupoteza wapi?

Fikiria umefika kwenye nyumba inayoungua. Uani utakuta watu kibao. Wapo wenye ndoo za maji, wapo wanaovunja madirisha kuokoa watoto, na wapo vibaka wanaotoka na redio. Aliyeacha jiko likiwaka huenda ameshaondoka zamani. Ukiwahesabu waliopo, ukasema wengi ndio wahalifu, utawakamata wenye ndoo. Kupima jeni zinazofanya kazi katika utumbo ulioungua ni kuwahesabu watu wa uani. Hesabu ni ya kweli kabisa, ila haisemi nani alifanya nini.

Huu si mfano wa kufikirika. Kuna protini ya kinga iitwayo IL-17. Ukipima utumbo wa mgonjwa wa Crohn, jeni yake imeamka wazi, na damu yake ina protini hiyo zaidi ya kawaida. Katika ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, kuizuia IL-17 kunaleta nafuu kubwa. Kwa hiyo ilionekana busara kujaribu dawa ya kuizuia, sekukinumabu, kwa wagonjwa wa Crohn. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Dawa haikusaidia. Waliopewa dawa walikuwa na hali mbaya kuliko waliopewa sindano isiyo na dawa, tena walipata maambukizi zaidi, yakiwemo ya fangasi. Dawa nyingine ya njia hiyohiyo ilijaribiwa baadaye, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ugonjwa ulikuwa unazidi. Uchunguzi uliofuata, hasa kwa panya, ulionyesha sababu: ndani ya utumbo IL-17 husaidia kuziba nafasi kati ya seli za ukuta, ili bakteria wasipenye. Ilikuwa imebeba ndoo.

Nataka wasomaji wa kawaida waelewe hapa, maana wagonjwa hao walikuwa watu wenye matumbo yanayouma, waliokubali kuchomwa sindano kwa matumaini. Mwaka wa jaribio lile hakukuwa na mzembe. Watafiti walikuwa na namba zao, na namba zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni ushahidi wa aina ya pili, wa kutenganisha chanzo na matokeo.

Ushahidi huo mara nyingi hutoka kwenye jeni tulizozaliwa nazo. Tofauti ya kurithi katika jeni ilikuwepo kabla utumbo haujaanza kuuma, kwa hiyo haiwezi kuwa imesababishwa na ugonjwa. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yalichapisha kwa wakati mmoja kwamba jeni NOD2, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, ikiwa na hitilafu fulani huongeza uwezekano wa kupata Crohn. NOD2 ni mlinzi anayetambua vipande vya ukuta wa bakteria. Ugunduzi huo ulipindua mawazo ya wengi, kwa sababu hitilafu zile humfanya mlinzi awe mzito wa kutambua. Ugonjwa tulioudhani ni wa kinga iliyozidi makali ulionekana, kwa baadhi ya watu, kuanzia kwenye kinga iliyopungukiwa. Mwaka 2006 ikafuata jeni ya kipokezi cha IL-23, protini nyingine ya kinga inayobeba ishara kati ya seli: wenye tofauti fulani adimu katika jeni hiyo wamekingwa, wanaugua kwa nadra. Asili yenyewe ilikuwa imefanya jaribio. Na kweli, dawa zinazozuia IL-23 zilipokuja, ustekinumabu ikiruhusiwa Marekani kwa Crohn mwaka 2016 na risankizumabu mwaka 2022, zilifanya kazi. IL-23 na IL-17 ni jirani kabisa katika mnyororo mmoja wa kinga, na jeni zote mbili huwaka katika utumbo mgonjwa. Kwa kuangalia RNA peke yake usingeweza kujua ni yupi wa kumkamata.

Kuna mtego mwingine ambao mtu wa maabara anaujua kwa mikono yake. Utumbo ukivimba, seli za kinga humiminika kutoka kwenye damu na kujaa hapo. Kinyama kilichotoka sehemu yenye uvimbe kina seli nyingi za kinga kuliko kile cha sehemu isiyo na uvimbe. Ukivisaga vyote viwili na kuhesabu RNA, bila shaka utaona jeni za kinga "zimepanda". Je, kila seli imeongeza sauti, au waliopo ndio wameongezeka? Soko la Kariakoo siku ya kuamkia Idi lina kelele kuliko Jumapili ya kawaida, na huwezi kusema kwamba kila muuzaji amepandisha sauti. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya matokeo katika fani hii ilikuwa na utata huo. Teknolojia ya kusoma RNA ya seli moja moja imesaidia sana. Mwaka 2019 watafiti wa Mount Sinai huko New York, hospitali ileile ambako Burrill Crohn na wenzake waliueleza ugonjwa huu mwaka 1932, walisoma seli moja moja kutoka utumbo mwembamba wa wagonjwa 11. Waliona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, lakini si kwa wote, kuna genge la seli za aina mbalimbali zinazokwenda pamoja na kupeana ishara, na wenye genge hilo hawakuelekea kupona kwa dawa za kuzuia TNF, protini ya kinga inayochochea uvimbe. Wagonjwa wawili wenye jina moja la ugonjwa, uani kwao kuna watu tofauti.

Hapo ndipo tumaini kubwa lilipoegemea: tumpime mgonjwa jeni zake zinazofanya kazi, tujue ugonjwa wake utakuwa mkali au mpole, tumpe dawa inayomfaa. Watafiti wa Cambridge huko Uingereza, akiwemo James Lee, walionyesha mwaka 2011 kwamba mpangilio wa jeni zilizoamka katika seli za kinga aina ya CD8 uliwagawa wagonjwa makundi mawili, na kundi moja lilikuwa na ugonjwa unaorudi mara kwa mara. Kipimo kikarahisishwa, kikawa cha jeni 17 tu katika damu ya kawaida. Nakiri nilifurahi niliposoma. Kipimo cha damu, bila kamera, chenye kutabiri!

Kisha likaja jaribio la kweli, liitwalo PROFILE, lililofanyika Uingereza kwa wagonjwa 386 waliogunduliwa kuwa na Crohn muda mfupi kabla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Wagonjwa walipimwa jeni zile 17, kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walitibiwa kwa mtindo wa zamani, wa kupanda ngazi: steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe haraka, kwanza, ugonjwa ukirudi unaongezewa dawa. Nusu nyingine walianza moja kwa moja na infliksimabu, dawa ya kuzuia TNF, pamoja na dawa nyingine ya kutuliza kinga. Kipimo cha jeni hakikusaidia kuchagua nani apewe nini. Waliotabiriwa ugonjwa mkali na waliotabiriwa mpole walifaidika sawasawa. Lakini tofauti ya matibabu yenyewe ilikuwa kubwa kupita matarajio: baada ya mwaka mmoja, asilimia 79 ya walioanza na dawa kali walikuwa wametulia bila steroidi wala upasuaji, dhidi ya asilimia 15 ya waliopanda ngazi.

Soma tena hizo namba mbili. Wengi waliripoti jaribio hili kama ushindi wa infliksimabu, na ni kweli. Mimi naliona pia kama somo zito kwa fani yangu. Kipimo kilichotengenezwa kwa uangalifu, na watu wenye uwezo mkubwa, kilipita hatua zote za maabara, kikafika kwa mgonjwa kikakuta kwamba swali lililokuwa na uzito lilikuwa jingine: umemwahi mgonjwa, au umemchelewesha? Utumbo una kipindi ambacho uharibifu bado unarudishika. Kikipita, makovu huanza kuubana.

Na hapo ndipo mawazo yangu yanarudi Tanga. Miaka miwili ya amiba na taifodi na TB ndiyo kipindi chenyewe. Kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki leo, kifaa ambacho kingebadilisha maisha yake kuliko kipimo chochote cha jeni ni kamera ya utumbo iliyo karibu, na daktari anayejua kuitumia na kuifikiria Crohn mapema. Cha pili ni bei ya dawa. Infliksimabu iliruhusiwa Marekani kwa Crohn mwaka 1998. Tangu mwaka 2013, Ulaya ilipoanza kuruhusu zinazofanana nayo kutoka kampuni nyingine, bei katika nchi nyingi imeshuka mno. Bado dozi moja kwa familia ya kawaida kwetu ni mlima, na huchomwa kila baada ya wiki nane. Sioni haya kusema, nikiwa mtu wa RNA, kwamba shilingi ya kwanza ya wizara iende kwenye kamera na dawa.

Lakini sikubali, kama wengine wanavyosema, kwamba utafiti wa jeni za kinga ni anasa ya matajiri tusiyoihitaji. Sababu yangu ya kwanza ni TB. Infliksimabu humzuia TNF, na TNF ndiye anayeshikilia ukuta unaofungia vijidudu vya TB vilivyolala mapafuni. Mwaka 2001 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa 70 walioamkiwa na TB baada ya kupewa dawa hii. Katika nchi ambako watu wengi wanabeba TB iliyolala, kumpa dawa hiyo mtu ambaye kumbe uvimbe wake wa utumbo ni TB yenyewe kunaweza kumuua. Na kumpa dawa za TB mwenye Crohn ni kumpotezea nusu mwaka. Kwa macho, kwa kamera, hata kwa hadubini, magonjwa haya mawili hufanana hadi kumchanganya bingwa. Hapa swali la nani amewasha moto lina majibu mawili tu, na moja lina bakteria anayejulikana. Kama kuna mahali ambapo hesabu ya jeni zilizoamka ingeweza kumwamulia daktari wa kwetu jambo la kufa na kupona, ni hapa. Wazungu hawana haraka nalo kwa sababu TB ya tumbo kwao ni nadra.

Sababu ya pili ni kwamba ramani niliyoieleza karibu yote imechorwa kwa watu wa asili ya Ulaya. Utafiti mkubwa wa mwaka 2012 uliounganisha zaidi ya watu 75,000, na kutaja sehemu 163 za jenomu, yaani urithi wote ulio ndani ya seli, zinazohusika na magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo, ulikuwa wa watu wa asili hiyo. Hitilafu maarufu za NOD2 karibu hazipo kwa Waafrika. Wamarekani weusi wanaozibeba wamezipata kwa sehemu kubwa kupitia mababu wa Kizungu. Na jeni za kinga hazijibu sawa kila mahali. Mwaka 2016 makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, za Wamarekani wa asili ya Afrika na wa asili ya Ulaya ziliambukizwa bakteria walewale maabara. Za asili ya Afrika ziliitikia kwa uvimbe mkali zaidi na kuua bakteria vizuri zaidi. Ukichukua kipimo kilichowekewa kiwango cha "kawaida" huko Cambridge ukakileta Muheza, huna uhakika kawaida yetu iko wapi.

Kazi ya kuitafuta kawaida yetu imeshaanza, na imeanzia Moshi. Mwaka 2021 watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha uchunguzi wa Watanzania 323 wenye afya njema. Wanaoishi mjini walikuwa na kinga iliyoelekea zaidi kwenye uvimbe kuliko wa vijijini, katika RNA na katika protini. Seramu ya damu ya watu wa mjini ilipowekwa juu ya seli za kinga maabara, seli hizo baadaye zilitoa TNF nyingi zaidi zilipokutana tena na vijidudu. TNF, huyohuyo ambaye infliksimabu inamfunga. Mwaka 2025 wakaendelea na jambo la ujasiri zaidi, wakabadilisha chakula. Kati ya vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro, baadhi ya waliozoea chakula cha asili, ndizi, maharage, mboga za majani, ulezi, walihamishiwa kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili; baadhi ya wa mjini walihamishiwa chakula cha asili; wengine walikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Chakula cha Kizungu kilipandisha protini za uvimbe katika damu, na uwezo wa seli za kinga kujibu vijidudu ukashuka. Chakula cha asili na mbege vilielekeza mambo upande wa utulivu, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye.

Hawa walikuwa wazima, wanaume watupu, kwa muda mfupi. Hakuna aliyekuwa na Crohn, na mtu asimpe mgonjwa mbege akidai ni tiba. Thamani yake naiona kwingine. Watafiti hawa hawakuishia kuhesabu watu wa uani. Waliweka mkono, wakabadilisha kitu kimoja, wakaangalia kinga inaitikiaje, na waliyafanya haya kwa damu yetu na chakula chetu. Magonjwa ya uvimbe wa utumbo yamekuwa yakiongezeka katika nchi zinazokua miji haraka, na jeni za kurithi hazibadiliki ndani ya kizazi kimoja. Kinachobadilika ni kipi kimewashwa.

James Lee naye hakukata tamaa baada ya PROFILE. Mwaka 2024 huohuo, kundi lake, sasa likiwa Taasisi ya Francis Crick jijini London, lilieleza kipande cha kromosomu ya 21 ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kuhusika na magonjwa haya bila mtu kujua kwa nini, maana hakina jeni ya protini ndani yake. Kumbe ni swichi. Inaiwasha jeni ya mbali kidogo, ETS2, ambayo huamrisha makrofaji kuanzisha uvimbe. Hapa urithi na RNA vimekutana kwenye jina moja, na dawa za kundi fulani linalotumika kwenye saratani zilipunguza nguvu ya jeni hiyo katika vinyama vya utumbo vya wagonjwa maabara. Bado ni maabara. Nimejifunza kusubiri.

Mdogo wangu amerudisha kilo nane. Wiki iliyopita aliniuliza, huku akinimenyea chungwa, kile kinyama walichomtoa siku ya kamera kilienda wapi. Nilimwambia ukweli: kililowekwa kwenye fomalini, kikagandishwa ndani ya kipande cha nta chenye namba yake, kikakatwa utando mwembamba wa kuangaliwa kwa hadubini, na kilichobaki kimewekwa rafuni. Akauliza kama naweza kusoma humo zile jeni ninazozitafuta kazini. Kichupa chenye maji ya kuhifadhia RNA hakikuwepo chumbani siku ile. Hakikuwa kwenye orodha ya vifaa. Kwenye ile nta RNA yake bado imo, imekatika vipande vifupi vifupi.